Rangi ya Mwenye Duka

Binti yangu mpenzi,

Natumaini unakula, maana kwenye televisheni koti limekupwaya. Mimi mzima, ila goti linanisumbua. Binamu yako kajifungua mtoto wa kike, kichwa kama cha babu yako.

Sasa nikwambie habari za mwenye duka wetu. Tangu pesa yetu ianze kuporomoka, bei alikuwa anaziandika kwa chaki, asubuhi hii, jioni nyingine. Nikiingia, wateja wanasema, "Mama wa waziri wa fedha huyo. Muulizeni bintiye pesa yetu kaifanya nini." Nilichukua unga wangu nikaenda zangu. Hata walipovunja dirisha langu kwa jiwe sikukwambia, usije ukayumba ukaiacha kazi katikati. Fundi ameshatia kioo kipya, usihangaike.

Sasa bei zimetulia. Jana nilimkuta mwenye duka juu ya stuli, ana brashi, anaandika bei ya unga ukutani kwa rangi ya mafuta.

"Chaki imekwisha?" nikamuuliza.

"Chaki ya nini tena, mama? Pesa imesimama."

Wale wale walionisema wakanipisha nipite mbele. Nikakataa, nikapanga foleni, nimeringa kama bibi harusi.

Nikamwambia mwenye duka nimesikia redioni kwamba umechoka, unafikiria kujiuzulu. Akateremka, rangi inamchuruzika mkononi.

"Mwambie asithubutu. Ukuta wote huu nimeupaka kwa ajili yake."

Basi umesikia mwenyewe. Kula, ulale, asubuhi uende kazini.

Ni mimi mama yako, natembea kifua mbele.