Makofi ya Zaitun

Hilda, nimejifungia chooni hapa chuoni. Siwezi kurudi darasani.

Leo ndiyo nilikuwa naanza somo la utafiti na wale wanafunzi wangu wa ushauri nasaha. Nikawapa ripoti ya kikundi kimoja cha kuwafariji wajane hapa mjini. Inasema wote waliohudhuria mpaka mwisho walipata nafuu. Nikawauliza, ushahidi huu una kasoro gani?

Halafu akasimama Zaitun, yule binti mpole niliyekusimulia.

"Madam, hawajawahesabu walioacha kuja."

Hilda, nilivyofurahi! Ndilo jibu lenyewe! Nikasema mpigieni makofi, tena ya nguvu. Darasa zima likapiga, wengine mpaka na meza.

Nikamuuliza, tena nacheka, umeionaje haraka hivyo?

Akasema, "Mama alikuwa kwenye hicho kikundi. Aliacha kwenda. Akaacha na kula. Tulimzika kabla ya Ramadhani."

Makofi, Hilda! Nimewaambia watu wampigie makofi!

Na mimi ndiye ninayewafundisha cha kumwambia mfiwa. Hata pole haikutoka. Nimesimama na chaki mkononi, machozi yananimwagika mbele yao.

Na yeye bado kasimama, si unajua hawakai mpaka uwaambie. Mwisho akaniambia taratibu:

"Pole, Madam. Naweza kukaa?"