Kilindi Nilichokilisha

Jumapili, 4 Agosti 2024

Libérat hakulewa. Naanza na hilo, nisije nikafa kabla ya mstari wa pili.

Miaka ishirini na moja watu wa mto Ugalla, wa Mishamo na wa hapa Mpanda wamekuwa wakisema kwamba yule mpiga kasia wa Evarist alikunywa pombe ya komoni, akaingia majini mwenyewe, mamba akamchukua. Ni mimi, Evarist, niliyesema hivyo. Niliwaambia polisi. Nilimwambia mkewe. Nilisema hata kanisani, nimesimama mbele ya watu.

Hakunywa hata tone. Shati lake lilinuka komoni kwa sababu alikuwa amebeba ndoo yangu. Na shati hilo, alilokuwa amelivua ukingoni, nilimkabidhi mjane kwa mikono yangu hii. Akalinusa. Akaniamini.

Leo padri alileta komunyo ya wagonjwa. Nilifunga mdomo. Immaculata, mke wa mwanangu, alidhani nimeshindwa kumeza. "Baba, hiyo haina mifupa," akasema. Padri akacheka. Mimi nikageukia ukuta.

Moyo umepanuka, ndivyo alivyosema daktari. Miguu imevimba kama magogo. Nalala nimekaa. Nikizungumza, maneno matano, halafu pumzi. Maneno matano, pumzi. Kuandika tu ndiko hakunichoshi.

Jumatatu, 5 Agosti

Ndoo. Lazima niieleze, maana sijawahi kuieleza hata kwenye karatasi.

Nilisomea uvuvi, cheti ninacho. Nilipostaafu nikaanza kupeleka wageni kaskazini, Ugalla, kuvua kwa ndoano. Wanamtaka samaki mmoja tu: yule mwenye mistari, meno yametoka nje ya mdomo, anayekata mshipi kama mkasi. Wanavutana naye nusu saa, wanapiga naye picha, wanamrudisha majini. Wenyeji walikuwa wakitucheka. "Umepanda ndege uje umshike samaki, umwachie? Si ungemsalimia sokoni!"

Kiangazi mto ule hukatika. Hubaki vilindi, kimoja hapa, kingine kule, na kila chenye uhai hujibanza humo. Kilindi kimoja, penye kona ya mawe mekundu, watu wanakiita Kwa Evarist. Hakuna mgeni aliyewahi kutoka pale mikono mitupu. Wakasema nina dawa. Sikukanusha. Nilipenda kuitwa mwenye dawa, mimi msomi mzima!

Dawa ilikuwa ndoo. Matumbo ya mbuzi kutoka machinjioni, yamechanganywa na machicha ya komoni, yaani masalia wanayochuja akina mama wapika pombe. Unamwaga jioni, siku nne au tano mfululizo, kabla wageni hawajafika. Samaki wadogo wanakuja kula machicha. Wenye meno wanakuja kula wadogo.

Na nani anakuja kula wenye meno? Nilijua. Nilifundishwa! Mamba hukariri mahali na saa kuliko mwanafunzi wa bweni anavyokariri kengele ya chakula.

Siku ile ya Oktoba 2003 tulikuwa tumemwaga siku tano. Samaki wa mgeni alinasa. Hairuhusiwi kumburuza mchangani, atakufa. Mtu lazima aingie hadi mapajani, amtoe ndoano ndani ya maji. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Libérat.

Kuna lingine. Leo siwezi.

Jumanne, 6 Agosti

Sylvanus amekuja na habari njema. Habari njema!

Mwanangu huyu ndiye anayepeleka wageni sasa. Mwaka jana biashara ilikuwa inakufa, wageni wanarudi wamenuna. Nami sina shamba, sina ng'ombe, sina cha kumwachia. Nikamrithisha ndoo. Nilimfundisha vipimo, siku, saa. Kuhusu mamba nilinyamaza, maana kumweleza mamba ni kumweleza Libérat.

Leo ameketi pembeni ya kitanda, anang'aa. "Baba, Ijumaa napeleka wageni watatu kwenye kilindi chako. Na mpiga kasia mpya nimempata. Pacifique, mtoto wa marehemu Libérat! Nilijua utafurahi."

Nikamwambia pale pana mamba.

"Baba, Ugalla nzima ina mamba. Umesema mwenyewe miaka yote."

Nikamwambia yule kijana asiingie majini.

"Sasa ndoano atatoa nani, wewe?" Akacheka, akanirekebishia mto. "Usiogope, mzee. Huyu siyo baba yake. Mlokole kabisa! Hata soda anasoma kwanza kibandiko. Yaliyompata mlevi hayawezi kumpata yeye."

Haya. Uongo wangu umekua, umeota miguu, sasa unamshika kijana mkono unampeleka mtoni.

Nikafungua mdomo. "Sylvanus, baba yake hakuwa..." Pumzi ikakatika. Akaniambia, pumzika, baba, pumzika.

Ningependa kuandika kwamba ni pumzi iliyonizuia. Si kweli. Baada ya dakika mbili ilirudi. Sylvanus alikuwa bado yupo, anakunywa chai, anamsimulia mkewe kwamba mlinzi wa kambi ya mtoni ameanza kumwaga ndoo tangu Jumapili. Nilikuwa na pumzi. Nikauliza kama chai ina tangawizi.

Jumatano, 7 Agosti

Pacifique amekuja kusalimia. Miaka ishirini na nne. Nilipomwona mlangoni nilishika ukingo wa kitanda — mabega yaleyale, kichwa kimeinama upande uleule.

Alinishika mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo, babu." Akanishukuru. Anasema mama yake, Goreth, amelia kwa furaha, kwamba familia ya Mzee Evarist haijawasahau.

Akauliza: "Babu, baba yangu alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikasema alijua maji. Nikasema alikuwa na nguvu, na alikuwa akiimba nyimbo za Kirundi akipiga kasia, na ukimkataza anaimba kwa sauti zaidi.

Akatabasamu. Halafu tabasamu likapungua. "Ila pombe, eh?"

Nikaondoa mkono wangu mikononi mwake.

"Mama aliniapisha nikiwa na miaka kumi," akasema. "Mkono juu ya Biblia. Hadi leo sijaonja."

Akanifunika miguu kwa blanketi kabla ya kuondoka. Alifanya taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto.

Mungu wangu, Mungu wangu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Wote wametoka. Nimefanya mazoezi mbele ya ukuta: "Libérat hakulewa." Maneno mawili! Nina pumzi ya maneno matano. Ukutani yanatoka safi. Akitokea mtu, hata mtoto wa jirani aliyekuja kuomba moto, yanageuka jiwe.

Nitasema kesho asubuhi wakija kuaga. Nimeapa.

Ijumaa, 9 Agosti

Walikuja saa kumi na mbili asubuhi. Gari lilisimama nje linanguruma. Sylvanus aliingia na wageni wote watatu, na Pacifique nyuma yao amebeba maboya ya kujiokolea. "Huyu ndiye mzee mwenyewe wa kilindi," akawaambia kwa Kiingereza.

Nilikuwa nimeyaweka maneno tayari mdomoni. Mgeni mmoja, mama mwenye nywele nyeupe, akaomba kupiga picha nami. Immaculata akaniinua, akanivalisha kofia yangu ya zamani ya mtoni. Wakasema tabasamu.

Nilitabasamu! Nimeulizwa na Mungu swali moja tu maishani, nikajibu kwa meno.

Gari likaondoka.

Nimepiga simu kutwa nzima. Haipatikani. Kule kambini hakuna mtandao. Sylvanus hupanda juu ya kichuguu kila jioni saa kumi na mbili, apige simu moja, ashuke.

Alipiga. "Mzee, dawa yako! Samaki watatu jioni moja! Wageni wanaruka kama watoto!"

Nikasema, mtoe Pacifique majini. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. "Unasemaje? Yupo hapa, anakusalimia!" Nikasikia sauti ya kijana, inacheka: "Babu, maji yana vuguvugu zuri! Kesho jioni tunarudi palepale."

Nikasema, usi— Simu ikakata.

Palepale. Saa ileile. Hivyo ndivyo tulivyofanya na baba yake.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika kwa sababu mikono haikubali kutulia. Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Muda huu wanatupa ndoano.

Goreth alikuja saa tano asubuhi kutoka Kakese, na kuku, na maharage kwenye kitambaa. Amekuja kushukuru! Alikaa kwenye kigoda karibu nami. "Baba Sylvanus," akasema, "nilikuwa nauogopa ule mto miaka yote. Sasa siuogopi. Nimemlea mwanangu bila pombe. Mto hauna kesi naye."

Ukuta haukuniambia kamwe kitu kama hicho. Nikasema.

Nilisema vibaya, vipande vipande, pumzi, vipande. Libérat hakulewa. Shati lilinuka ndoo. Ndoo ilikuwa yangu. Mamba aliitwa na ndoo. Sylvanus anamwaga ndoo ileile, kwa sababu nimemfundisha. Pacifique anaingia jioni.

Nilitegemea apige kelele. Nilitegemea anipige. Alitazama mdomo wangu kama mtu anayesubiri mtoto amalize kutapika. Halafu akasema kwa Kirundi, "Mana yanje," Mungu wangu, mara moja tu, na akasimama.

"Simu iko wapi?"

Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akamwita Immaculata uani. Immaculata alikuwa amesikia yote dirishani. Alikuwa ameshika mwiko, uso umebadilika. Hakuniita baba. Alitoka mbio hadi kijiweni, akarudi na Nkwabi, kijana wa bodaboda, Msukuma mrefu mcheshi.

"Ugalla? Leo? Mama, hiyo pikipiki ya mkopo, siyo ndege!" Nkwabi akaanza utani. Goreth akamweleza kwa maneno kumi. Utani ukaisha. Akavua jaketi, akamimina mafuta ya akiba kwenye chupa, akaondoka kabla saa sita haijafika.

Ni mwendo wa saa tano kama hakuna pancha. Mchanga mwingi baada ya reli. Nkwabi naye hapatikani tangu saa nane.

Immaculata amesimama barabarani hadi sasa, kama vile kusimama kunaisogeza pikipiki.

Goreth hakwenda nje. Nilidhani hatavumilia kukaa chumba kimoja nami. Amerudi kwenye kigoda, simu mapajani, na tangu saa saba ananiuliza. Swali moja. Anapiga simu. Swali jingine. Hapandishi sauti. Anauliza kama mtu anayepanga nyumba upya baada ya mafuriko, anaokota kimoja kimoja.

Aliuliza ndoo ilikuwa na rangi gani. Ya bluu.

Aliuliza kama mumewe alipata uchungu muda mrefu. Nikasema hapana. Hilo ni kweli, kadiri nijuavyo.

Aliuliza kwa nini pombe, kwa nini nisingesema aliteleza tu. Nikasema aliyeteleza huulizwa aliteleza wapi, na kwa nini alikuwa pale. Mlevi haulizwi. Na cheti changu kingechukuliwa, na mimi gerezani.

"Kwa hiyo ulinipa mlevi," akasema, "ili wewe ubaki msomi."

Ndiyo.

"Miaka ishirini na moja nimemsema vibaya mume wangu mbele ya mwanawe. Kila mara akitaka kwenda kwenye harusi. Kila Krismasi. Unajua hilo?"

Sasa najua.

Saa kumi na moja na nusu. Amepiga tena. Haipatikani. Sylvanus hupanda kichuguu saa kumi na mbili. Kama atapanda.

Nimeona ameinama, nikafikiri anasali. Hakuwa anasali. Aliinua uso akauliza hilo moja ambalo nimelikimbia wiki nzima, hata humu ndani, hata kwenye karatasi isiyosomwa na mtu:

"Kabla hajaingia. Alisema nini?"

Nilitazama dirisha. Akasema, "Nitazame mimi, Baba Sylvanus."

Nimemtazama. Nimemwambia. Hakuingia mwenyewe. Alirudi nyuma mara mbili. Alisema, Mzee, siingii, yupo pale, nayaona macho yake. Na mimi nilikuwa nimeshayaona, kabla yake. Mgeni alikuwa anasubiri na kamera. Nikamwambia, ingia.