Mama Halali Tena Kwenye Nyumba Uliyomjengea

Shirere,
Kakamega.
10 Februari 2025

Mpendwa shemeji Philip,

Natumaini hujambo, na lile goti lililokusumbua mwezi wa kumi na mbili limepona. Usilidharau kwa sababu ya kazi. Huku sisi ni wazima. Mtoto mdogo ameota meno mawili na ameamua mama yake asilale tena mpaka yatoke yote. Wendy anakua, mdomo ndio unatangulia. Kaka yako Erastus ni mzima, bado anahangaika na miwa. Mama naye anaendelea, ila habari zake ndizo zimenifanya nitafute kalamu.

Utashangaa barua ya nini na simu ipo. Simu unayompigia mama ni yangu, na ujumbe wako wowote ukiingia anataka asomewe. Kwa hiyo hii nampa Winrose, binti wa jirani yetu Were, anayerudi kazini huko Doha Alhamisi.

Sitazunguka. Mama halali kwenye nyumba uliyomjengea. Tangu Krismasi analala kwenye jiko lake la zamani, lile la udongo, pamoja na kuku wawili wanaolalia mayai. Amenikataza nisikuambie. Nimetii wiki saba, na nimechoka kutii.

Sababu ni maji. Wewe ulitaka nyumba ya paa la kufichwa, ionekane kama sanduku, na kweli kwa picha inapendeza. Lakini umesahau mvua ya kwenu? Inatoka upande wa Nandi saa tisa na upepo wake, inapiga ukuta kama mtu anayemwaga karai. Paa halijatokeza nje hata kidole kimoja. Maji yote yanateremka ukutani mpaka kwenye madirisha, yanaingia kwenye nyufa kati ya fremu na ukuta. Plasta ya ndani imevimba, inabanduka. Kando ya kitanda cha mama kumeota ukungu mweusi, na kifua chake unakijua.

Erastus alikueleza haya Oktoba. Ukamjibu aweke silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa, tena asiguse sura ya nyumba, ukatuma na picha za majumba ya huko. Shemeji, watu wa hayo majumba mvua wanaiona kwenye simu tu.

Silikoni tuliweka. Fundi alipaka kila mahali, mpaka akaziba vile vitundu vidogo vilivyo chini ya fremu ya aluminiamu, upande wa nje. Kumbe vile ndivyo vya kutolea maji. Mvua iliyofuata, maji yaliingia yakakosa pa kutokea, yakajaa kwenye reli ya dirisha, yakamwagikia godoro la mama. Tulikuwa na dirisha linalovuja, tukalipia ufundi tukapata dirisha linalofurika.

Lakini mlango ndio uliomfukuza. Kabro, yale matofali ya saruji uliyotandaza uwanjani, zimewekwa juu kuliko sakafu, kwa hiyo maji ya nje yanakuja kugonga mlango kama mgeni. Ule mlango wako wa mbao nzito unayanywa na kuvimba. Siku mbili kabla ya Krismasi mama alikuwa ndani na Wendy, mlango ukakataa kufunguka. Erastus alikuwa amepeleka miwa Ekero. Madirisha yote yana vyuma. Nilisimama nje zaidi ya saa nzima, mtoto mgongoni, nampitishia Wendy uji kwa kikombe katikati ya vyuma, na mama akimwimbia huko ndani asilie. Nilikuwa nacheka ili mtoto asiogope, lakini moyoni najiuliza, na kama ungekuwa moto? Erastus aliporudi akausukuma kwa bega mpaka ukaachia. Mama alitoka, akachukua blanketi lake akaenda jikoni. Hajarudi kulala.

Sasa sikia jinsi tunavyokudanganya. Jumapili ukikaribia kupiga, mama anavaa nguo yake ya kanisa, anaingia sebuleni, anaketi kwenye ile kona moja kavu. Mimi nashika simu, nikihakikisha doa la dirishani halionekani. Jana ulimuuliza kama analala vizuri. Akakuambia, "Nalalanga kama malkia, mwanangu." Ukakata simu ukifurahi. Yeye akavua viatu vizuri akarudi kwa kuku. Nilibaki na hasira, na sikujua nimkasirikie nani kati yenu.

Wiki iliyopita nilimwita fundi mwingine, Jescah, msichana aliyesomea ujenzi chuoni hapa mjini. Hakuja na silikoni, alikuja na kopo la kumwagilia maua. Alimwaga maji chini ya dirisha kwanza, akangoja, akapanda kidogo, akangoja, huku mimi niko ndani naangalia yanapotokea. Kwa njia hiyo akajua ni ufa upi unaingiza. Alimaliza kuzunguka nyumba, akatingisha kichwa.

"Mama Wendy," akaniambia, "hii nyumba mmeinyoa kipara halafu mkaituma nje kwa mvua."

Alizibua vile vitundu siku hiyo hiyo. Yaliyobaki anasema si makubwa. Nyufa za pembeni na juu ya fremu zikwanguliwe, zizibwe vizuri, chini paachwe pumzi. Ukingo wa nje wa dirisha, ambao vigae vyake vimelalia ndani, uvunjwe na ujengwe upya ulalie nje, na chini yake uchorwe mfereji mwembamba ili tone lianguke lisirudi ukutani. Kabro za mlangoni zishushwe. Na juu ya mlango na yale madirisha matatu ya upande wa Nandi kuwekwe vipaa vya mabati, vitokeze hatua nzima.

Hapo kwenye vipaa ndipo najua utaruka. Nyumba haitafanana tena na ile picha uliyoiweka kwenye simu yako. Ni kweli, haitafanana. Lakini mabati yaliyobaki wakati wa ujenzi yapo stoo, ufundi tutalipa sisi, na Jescah ana nafasi mwisho wa mwezi huu, kabla ya mvua za Machi. Erastus anakuogopa, hawezi kuweka msumari bila neno lako. Kwa hiyo lilete hilo neno. Ukikataa, sawa, nyumba ni yako, lakini Jumapili inayofuata nitaibeba simu mpaka jikoni na utamsalimia mama pamoja na kuku wake.

Nilipofika hapa mama ameingia, ameniuliza naandika nini karatasi mbili nzima. Nimeshindwa kudanganya mara ya pili kwa siku mbili. Nimemwambia. Amemchukua mtoto magotini akampapasa mgongo, nikadhani ataniambia niichane. Mwishowe amesema, "Basi mwambie. Lakini uanze na kwamba nyumba ni nzuri, asije akafikiri sijaiona."

Sikuanza nalo, shemeji, na siandiki upya. Nalisema sasa. Nyumba ni nzuri. Mama huifagia kila asubuhi, chumba kwa chumba, hata asipolala humo. Tusaidie alale humo.

Erastus anakusalimu, na Christine dada yenu wa Ekero pia. Wendy anasema umletee viatu vinavyowaka taa. Mfikishie Khisa, unayekaa naye huko, salamu zetu. Mungu akufunike kwenye hilo jua na akurudishe nyumbani na goti zima.

Shemeji yako akupendaye hata leo akiwa amekasirika,

Lynette, Mama Wendy