Kutoka Toronto Mpaka Kaburini Kwako

Kitundu, mtani wangu,

Leo naongea peke yangu na wewe huwezi kunikatiza. Raha iliyoje.

Kwanza, mbuzi wako amekula maua yote tuliyopanda kaburini. Nilimtazama tu. Hata wewe ungemtazama tu, kwa uvivu wako.

Sasa nikusimulie mazishi, maana ulikuwepo lakini hukusaidia kitu. Binti yako Elineema alikuwa njiani kutoka Toronto. Sisi wazee wa Kinampanda tulipiga hesabu zetu: kama Dar mpaka Mwanza kwa ndege ni saa moja na nusu, Kanada itakuwa nne, tano zikizidi. Tukapanga kuzika saa nane mchana. Asubuhi binti akapiga simu, ndiyo kwanza ametua Kilimanjaro. Akasema ametoka kilomita elfu kumi na mbili, saa kama kumi na sita za kukaa hewani, mbali na kungoja ndege ya pili Addis Ababa. Na bado gari, Arusha, Babati, Singida, mpaka kwetu.

Akaniambia, "Mtani, wazuie."

Wenzangu wakakataa. Mvua inakuja, wageni wanatoka mbali. Nikakumbuka kwamba mimi ni Msukuma, na Msukuma kwenye msiba wa Mnyiramba hakemewi na mtu. Muda ulipofika nikashuka kaburini kabla yako, nikalala chali. Nikatangaza kwamba Wanyiramba hawajui kuchimba, shimo fupi, miguu ya huyu mrefu itabaki nje. Waliokuwa wanalia wakacheka. Wakaniletea kuku ili nitoke. Nikadai jogoo. Jogoo akaja, nikamkataa, amekonda kama marehemu. Mchungaji akaangalia saa, mimi nikafumba macho.

Humo ndani kuna baridi, Kitundu. Nililia. Nikawaambia ni vumbi.

Jua limeshainama, gari likaingia. Elineema akaja mbio na mabuti yake ya theluji, akachungulia shimoni.

"Toka, mtani. Zamu ya baba."

Akakuona. Akakutupia udongo kwa mkono wake. Mgongo wangu haujapona mpaka leo, na sijutii.

Alirudi kwake, lakini hatujaachana. Amejifungua mtoto wa kiume, akampa jina lako, maskini mtoto. Sasa amenikatia tiketi. Mimi, niliyekwenda Shinyanga kwa miguu nyuma ya ng'ombe! Niliuliza ndege husimama wapi watu wajisaidie. Wajukuu bado wananicheka.

Nitakwenda nikamfundishe Kitundu mdogo kutukana Wasukuma. Siku yangu atatangulia kuja kulala shimoni mwangu, awazuie mpaka mama yake afike.

Basi pumzika, mrefu wewe. Usinichungulie njiani. Nimeshajua umbali, na ahadi yangu ni hii: nitakufa polepole, ili ndege iwahi.

Mtani wako, mwenye mgongo mbovu.