Deraya ya Mapipa ya Zeituni

Mpendwa Baba Nasra,

Assalaam alaykum. Kwenye simu wewe hodari wa kubadilisha mazungumzo, kwa hiyo leo nimekaa niandike. Nasra amelala usingizi wa mchana, nguo za kazi sijavua, na ile deraya yako, vazi la vita la Kijapani, nimeitandaza hapa juu ya zulia.

Unakumbuka siku tulipoiona ya kweli? Mimba ya Nasra ilikuwa inanielemea, nikakuomba tuingie makumbusho nipate pa kukaa. Wewe ukasimama mbele ya kioo mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna tatizo. Nilidhani unatazama panga, kumbe unatazama kamba. Ukaniambia, "Hii haikuchomelewa, imeshonwa. Hata sisi tunaweza." Nikacheka, maana sisi hata pazia la chumbani lilikuwa limetushinda.

Ukaenda Edgware Road ukaomba mapipa ya zeituni kwenye mgahawa, ukapanda nayo basi mpaka kwetu Lewisham. Nyumba ilinuka zeituni hadi mtoto akazaliwa. Ulikata vibao vya plastiki, ukavitoboa kwa keekee pale roshani, jirani wa chini akigonga dari yake. Kamba nyekundu za viatu tulizimaliza sokoni mpaka muuzaji akataka kujua tuna watoto wangapi.

Halafu ukashona kama mtoto wa Pemba aliyekulia juu ya paa. Kila safu ya juu ukailaza juu ya ile ya chini, kama makuti. Nikakuonyesha picha kwenye kitabu cha maktaba: wenzetu Wajapani, safu ya chini ndiyo inakaa nje. Ukaitazama weee, kisha ukasema, "Sasa mvua ikinyesha?" Nikakuuliza unavaa deraya au unaezeka jiko. Ulicheka mpaka ukalala chini, lakini kufumua hukufumua.

Kisha mama yako akaugua, ukarudi kwenu Wete, Pemba, kwa mwezi mmoja. Alipopona, alhamdulillah, ukasema mwezi ujao. Mpaka leo ni mwezi ujao. Mama mwenyewe ananiambia kwenye simu kwamba siku hizi anakwenda sokoni kwa miguu yake, halafu ananionea haya.

Najua ulichoka. Baridi, kusukuma vitanda vya hospitali, lifti mbovu. Na mimi nimechoka, Baba Nasra. Nawaogesha wazee wa watu, narudi namwogesha mtoto, na nikikaa ndipo nakukosa. Naikosa mbinja yako ya kwenye meno ukivuta kamba. Naikosa hata ile keekee. Juzi Nasra aliniuliza, kwa Kiingereza chake, baba ni mpana kama lile vazi? Nikamwambia ndiyo. Akanyoosha mikono kupima, akaona haifiki. Mtoto wako anakujua kwa upana wa kifua.

Ndiyo maana nimeifumua. Safu zote. Nikavipunguza vibao mabegani na ubavuni, nikashona upya, ya chini juu ya ile ya juu, kama kitabu kinavyosema. Vidole vimenichubuka. Jana niliivaa juu ya sare ya kazi, ikanikaa. Nasra akanigonga kifuani kama mlango, nikamwitikia karibu, akacheka mpaka kwikwi ikamshika.

Sikufanya kwa kisirani. Ilikuwa inangoja mwili ambao haupo, na mimi nipo.

Ukikata tiketi, nitajie siku, usinitajie mwezi. Tutakuja uwanja wa ndege, mimi na mwanao. Pipa moja limebaki roshani. Ya kwako tutaianza upya, na kazi ya kwanza ni kukupima, jambo ambalo siwezi kulifanya kwa simu.

Mkeo, bado,
Mama Nasra