Kimo cha Maji ya Farasi wa Gedeoni

Karuba, Jumanne. Ukungu umelala juu ya malisho tangu asubuhi, na kifua changu kinakoroma.

Kwa zaidi ya miaka arobaini nimeficha jinsi Gedeoni alivyokufa. Ninyi mnaopita kwenye ukurasa huu kutazama picha za sanamu zangu ndogo mtanisamehe. Leo sina picha.

Mwezi uliopita Mama Vumilia, mjane wake, aliniomba nimtengenezee mumewe juu ya farasi, akivuka mto akibeba maziwa ya ng'ombe, kama alivyofanya kila asubuhi tulipokuwa tukifanya kazi pamoja kwenye shamba la ng'ombe. Nilikuwa na askari wa plastiki juu ya farasi, urefu wa kidole, aliyetoka kwenye mitumba ya Goma. Nikamkata mkuki. Kofia yake ya chuma nikaikwangua kwa wembe hadi ikawa nywele, nikamvika kofia pana ya mastiki, ile wanayozibia vioo vya madirisha. Koti la mvua ni karatasi iliyolowekwa kwenye gundi. Bidoni mbili, yale madumu ya maziwa, zinaning'inia ubavuni mwa farasi. Mikono inatetemeka, kwa hiyo ninabana viwiko mezani na kugusa rangi kati ya pumzi moja na nyingine. Uso peke yake ulinichukua siku tatu.

Hayo hayakunitisha. Kinachonitisha ni maji.

Ninayatengeneza kwa rezini ya chupa mbili. Ukizichanganya na kumimina, inaganda kama kioo, na huwezi tena kubadili kitu. Kabla ya kumimina lazima uamue: maji yanamfikia farasi wapi?

Jana Mama Vumilia aliniletea maziwa, akainama juu ya meza.

"Papa Karani, hii farasi umeinenepesha sana. Ya kwetu ilikuwa mbavu tupu."

"Sijamaliza, Mama."

"Na maji uiweke safi, ifike mu magoti tu, vile uliniambiaka. Lakini chupa ya pombe usimuwekee mu mukono. Batu balishasemaka ya kutosha."

Alicheka. Mimi sikuweza.

Ni mimi niliyesema magoti. Siku ya kilio niliwaambia wote kwamba maji yalikuwa ya magoti, farasi akateleza kwenye jiwe. Niliuona kuwa uongo mdogo, wa kunikinga tu. Sikufikiri kwamba watu wangejiuliza mtu mzima anakufaje katika maji ya magoti. Walijiuliza, wakajijibu wenyewe: alikuwa amelewa. Gedeoni, shemasi, ambaye hata pombe ya ndizi ya harusi hakuionja. Mwili ulipatikana siku ya pili, mbali sana, huko chini kwenye njia ya Walikale, ambako maji ya magoti yasingeufikisha, na bado hakuna aliyenihoji. Nilikuwa karani, nimesoma. Waliniamini.

Binti yake alivunjiwa uchumba. Walisema hawaoi kwa mlevi wa mtoni.

Leo asubuhi nilikaa na zile chupa mbili za rezini mbele yangu. Daktari alisema moyo umechoka, hakusema umebakiwa na muda gani. Nikifa farasi akiwa bado mkavu, mtu mwingine atamalizia kazi, na atayaweka maji kwenye magoti kwa sababu ndivyo kila mtu anavyojua.

Nikachukua msumeno mdogo, nikamkata farasi miguu yote minne, juu kabisa, chini ya tumbo. Miguu nimeitupa motoni nisije nikabadili nia. Nikatia rangi ya kahawia na chembe za udongo kwenye rezini, maana mto wetu ukijaa hauonyeshi chini. Nikamimina hadi kwenye tandiko, kama nilivyoyaona maji siku ile nilipofika mtoni nimechelewa. Upande unaopigwa na mkondo nikainua mawimbi kwa sindano.

Sasa inaganda. Vidole vinanata kwenye simu.

Je, Mama Vumilia ataendelea kuniletea maziwa? Naona aibu kuliandika swali hili, lakini ndilo lililonijia la kwanza.

Kesho akija ataona kimo, ataniuliza. Nitamsomea haya yote kama yalivyo, kwa sababu nikianza kuongea nitatafuta pa kujificha tena.

Na kimo siyo yote.

Nyumba yangu ilikuwa juu ya kivuko. Kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kushuka kabla yake na kusoma alama kwenye nguzo tuliyoisimika mtoni, kwa sababu kwenye ukungu Gedeoni hakuona kitu mpaka farasi akanyage maji. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Alimsimamisha farasi nje ya dirisha langu, akaniita.

"Karani, maji iko namna gani leo?"

"Iko mu magoti. Pita tu."

Nilikuwa kitandani, chini ya blanketi. Sikuwa nimeshuka kuangalia.