Nilinyamaza Kwenye Runinga, Mke Wangu Akaondoka

Nianze na nyinyi wasomaji. Mwezi mzima hamjaniandikia, mlidhani nimekufa au mmepata akili? Sijafa, na akili zenu nazijua. Mnakaa na mambo yenu mpaka yanaoza, ndipo mnakumbuka kwamba mna bibi gazetini. Haya, huyu hapa mmoja wenu.

*Mpendwa Bibi, naomba msaada wako kwa sababu mke wangu yuko kwa dada yake wiki ya tatu sasa, na mimi ndiye niliyemfukuza bila kufungua mdomo. Kazi yangu ni kujadili mikataba ya mikopo, yaani kampuni ikitaka kukopa benki mimi ndiye ninayekaa mezani kubishania masharti, na kazini kwetu sheria ya kwanza ni kwamba ukitajiwa jambo usilijibu, unaegemea kiti, unaitazama kalamu, unamwacha mwenzako ajisikie vibaya mpaka aongeze kitu mwenyewe. Nimeifanya miaka kumi na miwili, na mke wangu, ambaye anafundisha watu udereva, hunitania kwamba hata nikiulizwa chai au kahawa nataka kwanza kujua upande wa pili una nini.*

*Basi yeye ndiye aliyetuandikisha kwenye lile shindano la wanandoa la runinga, mnakaa viti viwili, kila mtu na kitufe chake, ukiulizwa una sekunde kumi, na tukafika swali la mwisho, zawadi ni friji la milango miwili. Mtangazaji akamuuliza mke wangu kama angerudi nyuma hadi siku ile ya kwanza nilipomposa angenikubali tena, na Bibi, alibonyeza kitufe kabla swali halijaisha, akasema ndiyo. Kisha nikaulizwa mimi. Jibu nilikuwa nalo, naapa, ila mgongo wenyewe uliegemea kiti, macho yakatafuta kalamu, sekunde zikaisha, kengele ikalia. Mtangazaji, ili kuokoa hali, akacheka akasema, "Haya kaka, na tukiongeza jiko la gesi?" Nami nikasikia sauti yangu ikiuliza, "Usafiri ni juu ya nani?"*

*Ukumbi mzima uliangua kicheko isipokuwa kiti cha pembeni yangu. Mke wangu alijivua kile kipaza sauti cha kwenye kola, akakiweka juu ya kiti taratibu, akaondoka. Bosi wangu sasa anawaonyesha wafanyakazi wapya ile video kama mfano wa utulivu. Nimempelekea mke wangu pendekezo la kurejea nyumbani, kurasa mbili tu, lenye siku kumi na nne za kujibu, shemeji akanirudishia kupitia dirisha, na chini yake mke wangu ameandika, "Swali ni lile lile." Naogopa, Bibi. Nikitangulia kusema halafu yeye akakataa, nitabaki na nini mkononi?*

*Mtu wa Mikataba*

Mjukuu wangu, nilicheka mpaka nikaomba maji, kisha nikakuonea huruma, kisha nikatafuta fimbo. Tuanze na fimbo. Mke kaondoka wiki tatu, wewe unamtumia karatasi yenye siku za kujibu, kama vile amechelewesha kodi ya pango.

Unauliza ukitangulia kusema utabaki na nini. Yeye alitangulia. Alibonyeza kitufe mbele ya nchi nzima na hakuuliza kwanza wewe una nini mkononi. Kasema, kakugeukia, kasubiri. Hofu hiyo unayoikumbatia mwenzako keshaivuka, na ukamwacha ng'ambo huko peke yake, taa zikimmulika usoni. Hicho ndicho kilichomuuma. Usidhani ni jiko.

Mimi shule sikwenda, na mkataba niliowahi kuwekea dole gumba ni mmoja tu, wa ndoa yangu. Babu yenu aliponiuliza nilisema ndiyo hata hajamaliza, nikajuta nusu saa, nikaishi naye miaka arobaini na moja. Ile nusu saa kila mtu anailipa. Haina pa kupunguziwa.

Wewe si mtu mbaya. Hata huyu anayenisomea barua alisimama kidogo akapenga kamasi, na huyo halii ovyo. Una ugonjwa wa kazi tu, kama fundi viatu anayekutazama miguu kabla ya uso.

Sasa sikiliza. Kesho ukitoka kazini, mkoba uache huko huko ofisini. Nenda kwa shemeji yako, piga hodi kama watu, salimia. Akikutukana, pokea, ana haki. Mkeo akitokea, mwambie ndiyo, ungemwoa tena, na umtazame yeye, si viatu vyako. Usiweke "ila". Usimuulize anarudi lini. Ukimaliza funga mdomo, na safari hii unyamaze kwa kumsikiliza, si kwa kumvizia. Akitaka siku za kufikiri, ni zake. Akifunga mlango, rudi keshokutwa useme vilevile, bila kuongeza wala kupunguza.

Jumapili njoo kwangu mchana, kwa miguu yako, si kwa barua. Akiwa amekubali, njoo naye. Akiwa bado, njoo peke yako ule ushibe, maana najua wiki tatu hujala chakula cha maana. Karatasi usije nayo, nitaiwashia moto.